Wapiga ala nao watajwe redioni

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kwa watangazaji wa redio zetu. Mimi ni dereva teksi hapa Mwanza, na redio ndiyo mwenzangu kutwa nzima. Kuna kituo ambacho kila jioni, kabla ya taarifa ya habari, hupiga kodiani juu ya ngoma ya mashine, halafu huikata katikati. Nilipiga simu mara mbili kuuliza inapigwa na nani. Nikajibiwa, "Huo ni mlio tu, mzee, hauna mwimbaji."

Mwezi uliopita nilimpakia abiria Muethiopia kutoka uwanja wa ndege. Ilipoanza tu kodiani ile redioni, aliniomba niongeze sauti, akanyamaza hadi ilipokatwa. Ndipo akanitajia jina: Hailu Mergia.

Tangu hapo namfuatilia. Miaka ya 1970 alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya Walias, pale hoteli ya Hilton, Addis Ababa. Enzi za Derg, utawala wa kijeshi wa Ethiopia, watu walikatazwa kutoka nje usiku, kwa hiyo wateja walifungiwa humo na bendi ikapiga mpaka alfajiri. Mwaka 1981 walikwenda Marekani, naye akabaki huko. Mwaka 1985 aliingia studio ndogo Washington peke yake, akarekodi kodiani, chombo cha ujana wake, kwa ngazi ya sauti tano ya muziki wa kwao.

Baadaye akawa dereva teksi kama mimi. Kinanda alikiweka kwenye buti, na akisubiri zamu ya abiria uwanja wa ndege wa Dulles, alikitoa akafanya mazoezi siti ya nyuma. Nilipojua hilo nilifungua buti langu nikalitazama: tairi la akiba, jeki, ndoo ya kuoshea gari. Ilipofika 2013 ndipo kanda yake ile ikatolewa upya, naye akarudi jukwaani.

Sisi tuliolelewa na taarabu tunajua kodiani inavyosema. Iweje leo muziki usio na maneno uhesabiwe hauna mwenyewe? Watangazaji, jina la mpigaji na chombo chake ni sekunde tano tu. Na hiyo ya jioni, tafadhali, iacheni imalizike ndipo msome habari.

Dereva teksi,
Mwanza