"Prodyuza, ongeza vokali": kwa nini mara nyingi hatuongezi

Ujumbe unaotufikia zaidi kwa WhatsApp mteja akishasikiliza miksi ya kwanza, yaani wimbo sauti zake zote zikiwa zimeunganishwa na kusawazishwa, ni huu: "Prodyuza, ngoma ni moto, ila ongeza vokali kidogo, maneno hayashikiki." Tunaongeza sauti ya mwimbaji. Kesho yake: "Sasa vokali imeelea juu ya biti kama mafuta juu ya maji, na maneno bado." Mteja yuko sawa mara zote mbili. Ugonjwa anausikia vizuri kabisa, tatizo ni dawa anayojiandikia.

Kwa hiyo leo naeleza tunachofanya hapa studio kwetu Kisumu ili maneno ya wimbo yafike masikioni, na kwa nini kuna siku tunakwambia urudi urekodi upya hata kama ulishaanza kuwaambia watu wimbo unatoka Ijumaa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kwaya moja ya upande wa Ahero ilirekodi kwetu wimbo wenye kiitikio cha neno moja linalorudiwa na kurudiwa: "Hataniacha." Nikamiksi, nikaridhika, nikatuma. Mwalimu wa kwaya akanipigia, kwa ile sauti ya upole ya mtu anayejizuia: "Omera (yaani ndugu yangu), hebu sikiliza kiitikio kama mtu ambaye hajawahi kuusikia huu wimbo." Nikasikiliza. Kwaya nzima, kwa makofi na vigelegele, ilikuwa inaimba "Ataniacha! Ataniacha!" Imani yote imegeuka kilio cha ndoa yenye matatizo.

H yenyewe haina mlio wa koo. Ni pumzi tu inayopita, nyepesi kuliko kitu kingine chochote kwenye neno hilo. Siku ya kurekodi feni ilikuwa inazunguka, na ili kuondoa mvumo wake niliweka geti, yaani kifaa kinachofunga njia ya sauti mwimbaji akinyamaza na kuifungua akianza tena. Geti langu lilisubiri sauti yenye nguvu ndipo lifunguke. H ikabisha hodi, ikanyimwa mlango. A ikaja kwa kishindo, ikafunguliwa. Tena watu zaidi ya 20 hawatoi H kwa wakati mmoja, kila mtu ana pumzi yake, kwa hiyo hata kidogo kilichopenya kilikuwa kimetawanyika.

Nililiondoa geti, nikarudi kwenye rekodi ya awali, nikapita kiitikio baada ya kiitikio nikiinua H ya mwimbaji anayeongoza kwa desibeli 4 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). H peke yake. Kazi ya jioni nzima. Vokali kwa jumla sikuiongeza hata nukta, na mwalimu alipoisikia alisema tu, "Sasa amerudi."

Tangu hapo naisikiliza lugha kabla ya kusikiliza muziki. Kiswahili hubeba maana nzito kwenye silabi nyepesi. Kukana kwenyewe ni ha- au si-, pumzi mbili tatu mwanzoni mwa neno. Mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwimbaji akishaipita hiyo huachilia irabu ya mwisho ijifie. Lakini "hupenda" na "hupendi" zinatofautiana kwa irabu hiyo hiyo inayokufa. Fundi asiyejua Kiswahili atamiksi wimbo wako ukalia vizuri sana, na bado akamtukana mpenzi wako bila kujua.

Nani anaishi mtaa wa maneno

Sauti ya mwanamume akiongea, msingi wake huwa kati ya Hz 85 na 180 hivi (Hz ni mitetemo ya sauti kwa sekunde: ikizidi, sauti inakuwa nyembamba). Ya mwanamke, 165 hadi 255. Huo ndio unaotupa uzito wa sauti na kutuambia ni baba au ni binti anayeimba. Lakini kinachokutofautishia "pata" na "kata" hakiko huko chini. Kiko juu, Hz 2,000 hadi 5,000, mahali ambapo sikio la binadamu liko makini kuliko kwingine kote.

Sasa tazama ni nani mwingine amepanga mtaa huo. Mng'aro wa gitaa la solo uko hapo. Kayamba iko hapo na juu yake. Mkono wa kulia wa mpiga kinanda uko hapo, na matoazi yanapitapita. Vitu viwili vikilia mahali pamoja kwa wakati mmoja, chenye nguvu kinakifunika kingine, na sikio halina namna ya kuvitenganisha. Ukiongeza vokali, unachofanya ni kupiga kelele kuliko jirani. Ataongeza na yeye, kwa sababu wiki ijayo mpiga gitaa atakuja studio aseme gitaa halisikiki.

Benga, ule muziki wa gitaa wa kwetu, kwa kweli hainisumbui sana. Gitaa la solo linajibizana na mwimbaji: huyu akimaliza sentensi, lile linadakia. Wazee waliopanga muziki huo walishafanya nusu ya miksi kwa vidole. Anayenitoa jasho ni mpiga kinanda anayecheza kwa vidole vyote kumi kutoka salamu hadi amina, akijaza kila pengo. Najua mtasoma hapa ndugu zangu. Toeni mkono mmoja beti zikiimbwa.

Mpangilio ukishakuwa umejaa, tunapunguza badala ya kuongeza. Tunakata kinanda desibeli 2 au 3 pale karibu na Hz 3,000, na tunakata pale tu mwimbaji anapoimba. Ukikisikiliza kinanda peke yake utaona kimefifia kidogo. Kikiwa ndani ya wimbo hakuna anayegundua, ila maneno yanatoka mbele kana kwamba kuna aliyefungua pazia.

Kwenye vokali yenyewe kazi ya kwanza ni kufagia chini. Chini ya Hz 80 kwa mwanamume, chini ya 100 hivi kwa mwanamke, hakuna neno lolote huko. Kuna feni, kuna lori linaloshuka barabarani, kuna mguu wa mwimbaji unaopiga sakafu. Tunakata. Halafu kuna ukungu wa kati ya Hz 200 na 400, ile sauti ya mtu anayeimba ndani ya mtungi. Mara nyingi unaletwa na mwimbaji aliyeimeza maiki: maiki nyingi tunazotumia kwa vokali huongeza besi kadiri mdomo unavyokaribia. Redioni mtangazaji anaitumia hiyo apate sauti ya mamlaka. Kwenye wimbo wenye gitaa la besi na ngoma inageuka uji. Kaa shubiri moja kutoka kwenye maiki, kidole gumba kikigusa mdomo na kidole kidogo kikigusa wavu, na tutakuwa tumemaliza robo ya miksi kabla ya kuanza.

Kompresa, ambayo kila mtu ameisikia ikitajwa, kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya mnong'ono na ukelele. Tukiiweka 3 kwa 1, kila desibeli 3 zinazovuka mstari tuliouchora, inapita 1 tu. Ikikamata haraka mno inameza P, T na K za mwanzo wa neno, kwa hiyo tunaipa milisekunde 10 au zaidi kabla haijashika. Hayo yanatosha kuhusu kompresa.

Kinachofaa zaidi ya plagini yoyote (programu ya kurekebisha sauti) niliyowahi kununua ni mkono. Tunaupitia wimbo sentensi kwa sentensi, wakati mwingine silabi kwa silabi, tukiinua hapa desibeli 1, pale 2, na kushusha pale ulipovuta pumzi kwa nguvu kabla ya kupanda. Beti moja inaweza kuwa na sehemu 40 zilizoguswa, na ukiiangalia kwenye skrini utadhani ni mlima wa Nandi umechorwa na mtoto. Ndiyo sababu miksi ya wimbo wa dakika nne inatuchukua siku mbili, na ndiyo sababu tunaomba usije kukaa nyuma ya kiti ukiuliza tumefika wapi.

S nayo ina shida zake, hasa injili. Asante, sifa, msalaba, msamaha, Yesu: nyimbo zetu zimejaa S, na S huchoma kati ya Hz 5,000 na 8,000. Tunatumia diesa, ambayo hushusha eneo hilo S inapotokea tu, kisha hutoka njiani. Ukiizidisha "sifa" inakuwa "thifa", na mwimbaji wako mzuri anaonekana ametoka kung'olewa jino.

Eko, jamani

Hapa tutagombana kidogo. Mwimbaji akijisikia bila eko, yaani mwangwi wa kuongezwa, anajiona uchi, na nusu ya wateja wetu huomba eko kabla hawajaketi. Eko nyingi ni sawa na kusema kila neno mara tano kwa mtu ambaye tayari unasema naye: mkia wa neno la kwanza unaangukia kichwa cha neno la pili. Tunaiweka, ndiyo, ila fupi. Tunaichelewesha milisekunde 30 hivi ili konsonanti ipite kavu kabla mwangwi haujaanza, na mwangwi wenyewe tunaukata besi yote. Ukitaka ile kubwa ya kanisa kuu, tutaiweka kwenye "oooh" na "aaah" za mwisho, ambako hakuna neno la kupotea.

Na Auto-Tune? Inarekebisha noti, haifanyi zaidi ya hapo. Ilitoka mwaka 1997, kazi ya Andy Hildebrand, Mmarekani ambaye kabla ya hapo alikuwa akichambua mawimbi yanayopita ardhini kusaidia watafuta mafuta. Neno lililomezwa halikuwa ndani ya shida aliyokuwa anatatua. Ukiimba "nkupe nda" badala ya "nikupende", itakupa "nkupe nda" iliyo kwenye noti safi.

Kabla ya miksi kuna chumba

Kisumu ni joto, tunajua. Lakini feni ikiwa inazunguka unaporekodi nyumbani, itakuwa ndani ya kila neno, na kompresa ikiinua mnong'ono wako inainua na feni. Zima, imba beti moja, washa, pumua, rudia. Sisi wenyewe tunafanya hivyo. Taulo ziko kwenye ndoano nyuma ya mlango.

Chumba chenye vigae na kuta tupu ni kibaya kuliko maiki ya bei rahisi. Sauti inagonga ukuta, inarudi kwenye maiki imechelewa kidogo, na huo mwangwi hautoki tena hata kwa maombi. Tundika blanketi nzito mbili za mitumba kutoka soko la Kibuye nyuma yako na pembeni, au simama ukiangalia kabati la nguo lililofunguliwa. Kama paa ni mabati bila dari, rekodi asubuhi. Mvua zetu nyingi huja kuanzia alasiri, na mvua juu ya mabati haina dawa.

Rekodi kwa biti 24 (si biti ya ngoma, ni kipimo cha ubora wa rekodi kwenye programu), na vilele vya sauti viishie karibu desibeli 10 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha mashine. Taa nyekundu ikiwaka, sauti imepasuka, na iliyopasuka tunaweza kuipaka poda tu.

Jinsi tunavyojua imefika

Wateja wengi hujaribu miksi kwenye gari lenye besi ya kutikisa vioo, sauti imefunguliwa yote. Ni raha, ila jaribio hilo linadanganya. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walionyesha kwamba usikivu wa sikio hubadilika kulingana na ukubwa wa sauti: ikiwa chini, besi inapotea kwanza, ikipandishwa, besi inajaa. Kwa hiyo matatu ya kwenda Kondele itakwambia habari za besi. Habari za maneno utazipata ukipunguza sauti mpaka karibu kimya, kwenye simu ya kawaida, ambayo spika yake haitoi besi karibu yoyote. Maneno yakishikika hapo, yatashikika kwingine.

Halafu tunashuka ngazi. Chini ya studio kuna mama anayepika chapati, na yeye ndiye mtihani wetu wa mwisho. Mimi baada ya kusikia wimbo mara 100 nasikia hata maneno ambayo hayapo, kwa sababu nayajua. Yeye hajui. Tunampigia wimbo kwenye simu yake, mafuta yakichemka, boda boda zikipita, tunamwomba arudie anachosikia. Akisema "sijui hapo anasema nini", tunapanda tena juu. Hatumlipi, tunanunua chapati, na tumenenepa.

Ukitutumia kazi ya kumiksi, tuma kila sauti peke yake kama faili la WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, zote zikianzia sekunde ya sifuri ili zipangane. Kwa WhatsApp tuma kama hati, au weka kwenye Google Drive. Usicheze wimbo kwenye spika ukaurekodi kama ujumbe wa sauti, kwa maana ujumbe huo hubanwa sana na Hz za juu huwa za kwanza kutupwa. Ambatanisha na maneno ya wimbo, yameandikwa yote, hata kama kwa kalamu kwenye karatasi uliyoipiga picha. Bei tunakubaliana kabla ya kugusa chochote, na masahihisho mawili yamo ndani ya bei hiyo. Jumapili tumefunga. Wanakwaya wote wako kanisani, na mama wa chapati pia.