Barua kwa Zuhura: jino langu na harusi ya Nuru

Mombasa,
Jumapili usiku

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, wewe na baba watoto na wote hapo nyumbani. Huku hatujambo, ila joto la Shaaban hii halina adabu.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa kwenye feri ya Likoni, watu wakanitazama ninavyocheka peke yangu. Waniuliza kwa nini, kwa jino hili la kupandikizwa, najitakia kukatwa ufizi mara mbili na hali daktari wako wa Malindi kakwambia mara moja yatosha. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno.

Kwanza nikutoe tongotongo kama nilivyotolewa mimi. "Mara moja" si siku moja. Mimi nami nilikwenda kwa daktari na hesabu zangu: naingia asubuhi na pengo, natoka adhuhuri na jino, na mfungo nne mwanangu Nuru akiolewa nacheka kwenye picha bila kujifinika mdomo kwa leso. Daktari hakubishana nami. Alifungua droo akanitia kiganjani ile skrubu inayopandwa kwenye mfupa wa taya. Zuhura, ni kadude! Urefu wake milimita 10, unene kama 4, rangi ya kijivu kilichofifia, na ukikipitisha kidole chakwaruza kama msasa laini. Nilidhani wamekosea kukisafisha, kumbe ule ukwaruzo ndio wa maana, ndio mfupa unaposhikilia. "Huu ni mzizi tu, mama," akaniambia. "Jino laja baadaye, mfupa ukishaukubali." Na mfupa hauna haraka. Taya la chini huchukua kama miezi 3, la juu zaidi ya hapo kwa kuwa mfupa wake ni mwororo. Kungoja huko ni kule kule, ukatwe mara moja au mbili.

Tofauti iko kwenye ufizi. Ukifanya mara mbili, skrubu inazibwa kwa kizibo bapa, ufizi unarudishwa juu yake na kushonwa. Nyuzi zikitoka, ukijitazama kwenye kioo huoni kitu. Miezi ikishapita unapigwa ganzi tena, ufizi unachanwa kidogo, kile kizibo kinatolewa na kuwekwa kingine kirefu kinachochungulia nje. Baada ya wiki mbili tatu ufizi umejipanga, ndipo kinachukuliwa kipimo cha jino lenyewe. Ukifanya mara moja, kile kizibo kirefu chawekwa siku ile ile ya kwanza, ufizi unashonwa kukizunguka, na kisu umeagana nacho. Ni hivyo tu. Nilipoelewa nilitaka kumdai mtu nauli yangu.

Daktari wangu ni mpenda hadithi, basi hiyo nayo nikapewa. Aliyeanzisha mambo haya ni Brånemark wa Sweden. Alikuwa akichunguza mifupa ya sungura miaka ya 1950, akataka kukitoa kifaa cha madini ya titani alichokitia, kikakataa. Kimegandana na mfupa. Mgonjwa wake wa kwanza alimtilia 1965. Yeye aliona lazima skrubu ifukiwe kabisa ili isiguswe mpaka ishike. Baadaye Waswisi wakajaribu kuacha kichwa chake nje tangu siku ya kwanza, nayo ikashika vile vile. Kwa hiyo daktari wako hakudanganyi, nami sikudanganywa.

Sasa yangu mimi. Unakumbuka lilivyong'olewa lile jino, la pili baada ya chonge, juu kulia? Kliniki nisiyoitaja, saa nzima, likatoka vipande na kipande cha mfupa juu yake. Kisha nikalala miaka mitatu bila kujaza pengo, na mfupa usiobeba jino hunywea. Safari hii nimepigwa picha ile ya mashine inayokuzunguka kichwa. Mfupa ni mwembamba kama ukoko, na juu yake moja kwa moja ni ule uwazi wa hewa wa shavuni. Itabidi mfupa uongezwe siku ile ile skrubu inapotiwa, na hapo ndipo anapotaka kila kitu kifukiwe, kisiguswe na ulimi, chakula wala mate. Hapa sikuwa na la kubisha.

La pili ni harusi. Nikifanya mfungo mosi, Idd ikishapita, kwa mfupa huu wangu nahesabu miezi sita: kufunuliwa mfungo saba, jino mfungo nane. Nuru aolewa mfungo nne. Kwa vyovyote sitakuwa na jino, na bibi harusi keshaniambia pengo langu halipandi jukwaani. Basi nitavaa jino la kuchomeka, lile lenye kibao cha waridi. Lakini kibao hicho hukandamiza pale pale. Skrubu ikiwa nje, kila nikitafuna yapigwa pigwa kabla haijashika. Ikiwa chini ya ufizi, imestiriwa. Hata hivyo wiki mbili za mwanzo nisikivae, na atakichonga kwa chini kisilalie kidonda. Kwa hiyo nakatwa mara mbili kwa ajili ya mwanangu. Mwambie hivyo ukimwona, mimi akinisikia anageuza macho.

Wewe je? Lako ni gego la chini, mfupa umejaa, sukari huna, na halionekani ukicheka. Ningekuwa wewe ningefanya mara moja bila wasiwasi. Lakini usimwahidishe daktari. Ule ufunguo wanaokazia skrubu una kipimo cha nguvu. Wangu asema ukifika nyutoni-sentimita 35 moyo wake hutulia, ukiwa chini sana anafukia hata kama mlikubaliana vingine. Mwambie wako akiona inacheza, afukie, wala asikuonee haya kwa kuwa ulitaka mara moja.

Na tambuu, Zuhura. Nimengoja mpaka hapa ili usiifunge barua. Kile kizibo kitakuwa nje miezi mitatu, wewe na chokaa yako na popoo, na ile tumbaku unayodhani siijui. Tumbaku huchelewesha kidonda kupona na hudhoofisha mfupa pia, wala si mimi nisemaye. Usitafunie upande ule, usugue kizibo kwa mswaki laini kila siku, na ukiona huwezi kuiacha tambuu, afadhali ufukiwe kama mimi. Angalau ufizi utakulinda na wewe mwenyewe.

Gharama zangu zitapanda kwa ile safari ya pili, maana kila kikao kina bei yake. Nimeuza ile cherehani ya pili. Haikuwa ikishona tena ila gauni za ndugu wasiolipa.

Nina ombi. Wiki ya kwanza ya mfungo mosi njoo ulale kwangu siku tatu. Sitaki kurudi na tuktuk peke yangu na shavu limefura, na nyumbani hakuna ajuaye kunipikia uji wa mchele usio na mabonge. Mahamri usilete, nitalia. Leta madafu.

Nijibu kwa maandishi, si kwa sauti.

Wako,
Mwanakombo