Barua kwa Mama: namna maradhi ya Shangazi yalivyofika kichwani

Edinburgh, Uskochi

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na natumai nyote hapo Wete hamjambo, isipokuwa Shangazi, ambaye ndiye sababu ya barua hii.

Juzi uliniuliza vipi saratani ya ziwa lililokwishakatwa imefika kichwani, nami nikamsikia mtu nyuma yako akitaja hasadi, na mwengine akisema kwamba Shangazi mwenyewe hakufuata vyema dawa zake. Simu ilikuwa ikikatika, na jambo lenyewe linataka utulivu. Kwa kuwa ndiyo kazi ninayoishughulikia kila siku katika maabara ya chuo, niruhusu nikueleze.

Seli za saratani huweza kung'oka ziwani na kusafiri na damu hata kabla ya upasuaji, na nyingi hufa njiani. Mwaka 1889 daktari wa Uingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, akaona kwamba maradhi hayaoti popote tu, bali ni kama mbegu inayotaka udongo wake. Wewe hili hulihitaji kufundishwa, kwani mkarafuu unaostawi kwetu Pemba hausimami juu ya mawe ya Makunduchi.

Katika ubongo, mbali na seli za neva zinazobeba fikra na kuamrisha viungo, zipo seli saidizi, ambazo Rudolf Virchow wa Ujerumani aliziita gundi mwaka 1856, akiona kazi yake ni kushikanisha tu. Baadhi yake zina umbo la nyota. Wiki iliyopita nilikaa muda mrefu mbele ya hadubini nikitazama kipande chembamba cha ubongo wa panya: nyota zimetiwa rangi ya kijani, na ncha za mikono yake zimeuzunguka mshipa mwembamba wa damu kama vidole vilivyoshika kikombe cha kahawa. Hizo ndizo zinazozilisha neva, zinazosaidia kulinda mpaka baina ya damu na ubongo, na zinazoziba jeraha.

Seli ya saratani ikipenya, nyota hizi kwanza huipiga vita. Husaidia kuzalisha protini iitwayo plazmini, ambayo huiua seli hiyo au huikata mahali inaposhikia mshipa. Kundi la watafiti la Joan Massagué, huko New York, lilionesha mwaka 2014 kwamba zile seli chache za saratani zinazosalimika huja na protini ya kuizuia plazmini isizalishwe. Mwaka 2016 wakaonesha lililo zito zaidi: seli ya saratani hujiunga na nyota kwa vitundu vidogo mno, ikaipitishia ishara ya kemikali ambayo nyota huielewa kuwa ni hatari. Nyota hutoa vitu ambavyo mwili huvitumia kujihami, na saratani huvitumia hivyo hivyo kukua na kustahamili dawa. Kila nikilisoma hili moyo huniuma, kwa sababu msaidizi hakusaliti. Amefanya kazi yake, akadanganywa.

Katika panya, dawa moja ya zamani ya maumivu iliyaziba matundu hayo na saratani ikapungua. Nakuomba usiende duka la dawa kununua vidonge vya maumivu kwa ajili hiyo. Panya si Shangazi, na madaktari wake hawajaagiza.

Kwa hiyo, Mama, mwambie aliyetaja hasadi, na yule aliyemlaumu Shangazi, kwamba haya hutokea hata kwa mgonjwa asiyekosa kidonge kimoja. Mwambie na Shangazi mwenyewe, tena ukiwa umemshika mkono, maana najua anajilaumu.

Vile vidonge vya kupunguza uvimbe wa ubongo asiviache ghafla, hata akijisikia nafuu, na kwa kuwa vinaweza kupandisha sukari, apimwe. Akitapika asubuhi, au mkono ukilegea, andika siku na saa, ili karatasi hiyo aende nayo hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, atakapopelekwa kwa mionzi. Nauli ya boti kutoka Mkoani nimekwishaituma. Nitapiga simu Ijumaa baada ya magharibi ya huko, na nitaomba kuzungumza naye yeye kwanza.

Mwanao akupendaye,
Salma