Doa Dogo Mbele, Ufa Mkubwa Nyuma: Kwa Nini Hatupaki Puti Juu ya Faiba Iliyogongwa

Wateja wengi wanaotuletea bampa, madigadi na bodi za faiba (matabaka ya nyuzi za kioo yaliyoshikanishwa kwa resini, yaani gundi inayoganda ikawa ngumu) katika karakana yetu hapa Dodoma hutuonyesha alama ndogo iliyoachwa na jiwe, kisha huomba ipakwe puti na rangi ili gari liondoke jioni hiyohiyo. Tunawaomba watuvumilie kwanza tukifungue kifaa na kukitazama upande wa nyuma, kwa sababu faiba haiumii kama bati linavyoumia.

Bati likigongwa hubonyea na kubaki limebonyea, hivyo madhara huonekana kwa macho. Bamba la faiba hupinda na kurudi mahali pake, na uso wa mbele huweza kubaki na doa tu, ilhali ndani matabaka ya nyuzi yameachana kama kurasa za daftari lililoachia gundi. Bamba likiwa jembamba, ufa huanzia nyuma, kwa kuwa ndiko nyuzi zinakovutwa zaidi linapopinda. Likija kubanwa baadaye, kila tabaka lililoachana hujikunja peke yake na nguvu ya bamba zima hushuka sana.

Kasi huamua mengi. Jiwe la gramu 100 likigonga kwa kilomita 40 kwa saa hubeba nishati ya takriban juli 6. Kwa kilomita 80 nishati hiyo hukaribia juli 25, yaani mara nne, ingawa kasi imeongezeka mara mbili tu. Isitoshe, pigo la polepole hulipa bamba nafasi ya kupinda na kuisambaza nishati hiyo, lakini pigo la kasi kubwa humalizika kabla bamba halijapinda, na nyuzi za palepale hukatwa hadi likatoboka. Wanaoendesha kwenye barabara za changarawe za vijijini, Chamwino au Mpwapwa, wanayafahamu mawe hayo.

Tumewahi kuulizwa kama nyuzi za kaboni zingefaa zaidi. Kwa bampa hatuzipendekezi: kaboni ni ngumu na nyepesi, lakini hurefuka kwa asilimia 2 hivi tu kabla ya kukatika, wakati nyuzi za kioo hufikia zaidi ya asilimia 4, na urefukaji huo ndio unaomeza pigo. Tunachosisitiza ni kitambaa kilichofumwa, kwa sababu mfumo wake huzuia mwachano wa matabaka usisambae mbali.

Ukaguzi wetu huanza kwa kugongagonga kwa sarafu. Sehemu nzima hutoa mlio mkali, na iliyoachana hutoa mlio mzito uliofifia. Tunachora mpaka wake kwa chaki, na mara nyingi eneo hilo huwa pana kuliko doa lenyewe. Hapo tunasaga matabaka yote yaliyoharibika kwa mteremko wenye urefu wa mara 12 ya unene wa bamba, hivyo bamba la milimita 3 huhitaji milimita 36 kuzunguka tundu, kisha tunajaza kwa vitambaa na resini ya epoksi, ambayo hushika faiba ya zamani vizuri kuliko resini ya poliesta. Puti hufuata mwishoni, kwa kulainisha uso tu. Yenyewe haina nyuzi, kwa hiyo haiwezi kurudisha nguvu iliyopotea.

Ikiwa faiba yako imegongwa na huwezi kufika mapema, hasa mvua za Desemba zikikaribia, funika ufa kwa tepu ya plastiki ili maji yasipenye kati ya matabaka, na utuletee hata vipande vilivyong'oka.