Barua kwa mwanangu aliyenunua friji

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Sisi huku Tanga hatujambo, joto tu ndilo linalotuchosha. Picha ya friji yako nimeipata, hongera sana. Mara ya kwanza nilitazama friji. Mara ya pili nikatazama vilivyomo, ndipo nikatafuta karatasi, maana kwenye simu ungeniambia "sawa mama" halafu ukakata.

Kuku mbichi umemweka rafu ya juu, ndani ya mfuko, na chini yake kuna bakuli la kachumbari halina mfuniko. Huyo kuku anavuja, hata kama mfuko unauona mzima. Maji yake yana vijidudu ambavyo moto ungeviua, lakini kachumbari haipiti motoni. Nyama, kuku na samaki wabichi ni rafu ya chini kabisa, kwenye chombo chenye mfuniko. Vilivyopikwa vikae juu.

Halafu ile sufuria ya maharage, nzima vile ilivyotoka jikoni! Pembeni yatapoa, katikati yatakaa vuguvugu saa nyingi, na vuguvugu ndiko vijidudu vinakozaliana. Yagawe kwenye vyombo vidogo vidogo, au iweke sufuria kwenye beseni la maji baridi ukoroge mpaka joto lipungue. Yaingie kwenye friji kabla hazijapita saa mbili tangu uepue, na kwa joto la Dar siku za Februari usipitishe saa moja.

Wali ndio wenye hila kuliko vyote. Najua unapenda kiporo na chai, umerithi kwangu. Lakini mchele una kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukilala juu ya jiko usiku kucha, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo ukipasha asubuhi haiondoki. Utaniambia bibi alikula kiporo cha namna hiyo maisha yake yote. Kweli. Na mara ngapi tuliharisha tukasingizia maembe? Kiporo kilale ndani ya friji, nacho ukile kesho yake.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo ulikuwa mdogo, darasa la tatu hivi. Nilikuwa nauza barafu na samaki pale nyumbani. Siku moja umeme ulikatika asubuhi, na mimi kutwa nzima nafungua friza, nafunga, wateja hawaishi. Jioni jodari walikuwa wamelegea. Umeme ukarudi, wakaganda tena, nikanyamaza. Nilipowapika hawakuwa na harufu yoyote. Hatujamaliza hata kunawa, baba yako uso umekuwa mwekundu, moyo unamwenda mbio, wewe unajikuna mwili mzima. Jirani akasema tumepigwa jicho. Daktari alituuliza swali moja tu: mmekula samaki gani?

Akanieleza kwamba jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kinaitwa histamini. Ukiwagandisha tena kimo, ukiwakaanga kimo. Tangu siku ile siliamini pua langu, na friza nikaijua ni nini: inasimamisha uharibifu pale ulipofika, haiurudishi nyuma.

Kwa hiyo umeme ukikatika, mlango usiuguse. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kama saa nne. Friza iliyojaa hukaa hadi siku mbili, ya nusu siku moja. Ndiyo sababu nilikuwa najaza chupa za maji kwenye nafasi tupu, na wewe ukidhani ni uchoyo wa kuuza. Ukisafiri, gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu yake, uache ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, ujue barafu iliyeyuka ukiwa haupo, hata kama kila kitu kimeganda mawe.

Kile kitufe cha kuzungusha chenye namba, nimeona umekiweka kwenye 1. Kwa friji nyingi namba kubwa ndiyo baridi zaidi, siyo joto zaidi. Nunua kipimajoto kidogo ukiweke ndani: friji isizidi nyuzi 4, friza iwe 18 chini ya sifuri. Mpira wa mlango ufute, na ubane noti hapo. Ikichomoka kiulaini, mpira umelegea, baridi inatoka na uniti za umeme wa LUKU zinatoka nayo. Barafu ikizidi, zima, iyeyuke yenyewe. Kisu usithubutu. Ukitoboa bomba la gesi, umenunua kabati.

Ile kachumbari itupe, usiionje.

Shangazi yako anakuja huko Jumamosi kwa basi la asubuhi. Alitaka nimfungie nguru akuletee. Nimemfungia machungwa ya Muheza na nazi sita.

Mama yako