Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Malaria Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa, njiani umepita kando ya majaruba ya mpunga ya Lower Moshi. Yanatulisha, na ada za wengi wetu zimetoka humo. Humo humo ndimo anamozaliwa Anopheles arabiensis, mbu anayetuletea malaria.

Mwezi uliopita tulikagua vyandarua bwenini kabla ya paredi. Juu ya chandarua kimoja kisicho na tundu hata moja tulimkuta mbu ametua, mkia juu, tumbo limejaa damu. Mwenzetu alikuwa amelala kiwiko kimegusa chandarua. Tulipomsogezea kalamu mbu yule, akaruka zake. Ametua kwenye dawa na hakufa! Kweli, chandarua chenyewe kilishafuliwa mara nyingi, hivyo hatutausingizia usugu, yaani mbu kutokufa kwa dawa, peke yake. Lakini watafiti wamekwisha kuthibitisha kwamba mbu wa Lower Moshi wana usugu dhidi ya pairethroidi, dawa iliyomo kwenye vyandarua vya kawaida. Mbu hao wana vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijawaua.

Mheshimiwa, dawa ya tatizo hili haiko mbali. Vipo vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali ambayo kazi yake ni kuvizima vimeng'enya hivyo, na vipo vyenye klofenapiri, dawa ya aina nyingine ya kuua mbu. Vyote vilijaribiwa hapa hapa nchini, Muleba na Misungwi, vikapunguza malaria kwa watoto kuliko vile vya kawaida. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vya klofenapiri mahali palipo na usugu.

Hatusemi vya zamani vitupwe. Kisichotoboka bado ni ukuta, mradi usikiegemee. Wazazi mliovizungushia bustani za mchicha, mtuwie radhi kwa kuwataja.

Ombi letu la kwanza ni vyandarua vya aina hizo mpya kwa vitanda 64 vya bweni. La pili ni wavu wa madirishani kwenye chumba cha prepu, maana mbu huyu huanza kuuma mapema, sisi tukiwa bado na madaftari. Madirisha ni manane, vipimo tumeshachukua, na karatasi anayo katibu wetu.

Tunaomba kuwasilisha.