Turudishe mabomba ya moshi ya kiwandani

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi waendeshaji pikipiki wa Mombasa, wa bodaboda na wengineo, wazirudishie pikipiki zao bomba la moshi zilizotoka nalo kiwandani. Ndani ya bomba hilo mna vyumba na vijibomba vyenye matundu, ambamo mawimbi ya sauti hugongana na kupunguzana nguvu kabla ya moshi kutoka nje, na anayeving'oa ili pikipiki ingurume huitupa kazi yote hiyo. Wengi huamini kwamba wataongeza kasi. Lakini katika injini ndogo ya cc 125 au 150 faida hiyo ni haba, na kabureta, yaani kifaa kinachochanganya hewa na petroli, isiporekebishwa, mchanganyiko huo huweza kupungukiwa petroli na injini ikapata joto kupita kiasi.

Mji wa Kale ndio unaoumia zaidi, kwa kuwa vichochoro vyake ni vyembamba na kuta zake ni ndefu, hivyo mngurumo mmoja wa usiku huwaamsha wagonjwa, wazee na watoto wachanga wa mtaa mzima. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zipo. Ningependa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na polisi wa trafiki waanze na mafundi wanaofunga mabomba ya kelele (nao ni vijana wetu, wasikizwe kwanza), na vyama vya bodaboda viwahimize wanachama walitunze bomba la awali, ambalo hurudishwa kwa boliti chache na gasketi mpya.

Msomaji,
Mji wa Kale, Mombasa